Statini na Misuli Inayouma: Historia ya Dawa na Lalamiko Lake

Statini ni kundi la dawa zinazoshusha kolesteroli kwenye damu. Humezwa kila siku, aghalabu kwa maisha yote, na watu waliowahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, wenye kisukari, na wengine ambao vipimo vinaonyesha kuwa wamo hatarini. Atorvastatini, rosuvastatini na simvastatini ndizo zinazojulikana zaidi. Miongoni mwa malalamiko yanayowafanya wagonjwa waziache, kubwa ni maumivu ya misuli: mapaja mazito, vigimbi vinavyokaza, mabega yanayouma bila ya kazi yoyote ya nguvu. Lalamiko hilo lina umri sawa na dawa yenyewe. Namna ya kulikabili imejengwa kwa takriban miaka 50, na jibu lililopatikana mwishoni si lile ambalo wengi walilitarajia.

Mwanzo wake ni Japani. Mwaka 1971 Akira Endo, mwanabiokemia wa kampuni ya Sankyo mjini Tokyo, alianza kutafuta kuvu wenye kemikali ya kuzuia utengenezaji wa kolesteroli. Aliwaza kwamba vijidudu vingi haviwezi kuishi bila mafuta ya jamii hiyo, kwa hiyo huenda wapo kuvu wanaowaangamiza wapinzani wao kwa kuwanyima mafuta hayo. Yeye na wenzake walipima sampuli zaidi ya 6,000. Mwaka 1973 walipata walichokuwa wakikitafuta katika *Penicillium citrinum*, ukungu uliotoka kwenye mchele mjini Kyoto. Dawa hiyo, kompaktini, haikushusha kolesteroli ya panya, na nusura itupwe. Ilipojaribiwa kwa kuku wa mayai, kisha kwa mbwa, ilifanya kazi barabara.

Mwaka 1978 daktari Akira Yamamoto wa Osaka alimpa kompaktini binti wa miaka 18 aliyerithi ugonjwa wa kolesteroli kupita kiasi, ugonjwa ambao huua mapema. Alianza na miligramu 500 kwa siku. Kolesteroli ilishuka, lakini baada ya muda mfupi binti huyo alilegea misuli, akapungukiwa nguvu za kutembea. Yamamoto hakuitupa dawa. Aliipunguza dozi, kisha akawapa wagonjwa wengine kiasi kidogo zaidi. Kolesteroli yao ilishuka kwa wastani wa karibu asilimia 30 bila madhara makubwa. Kwa hiyo mtu wa kwanza kutibiwa kwa statini ndiye pia wa kwanza kuathirika misuli, na dawa ya kwanza ya tatizo hilo ilikuwa kupunguza dozi. Ni jambo la kushangaza kiasi kwamba habari hii haisimuliwi mara nyingi, maana ndani yake mlikuwa na nusu ya somo lililochukua miongo kujifunzwa upya.

Sankyo iliachana na kompaktini mwaka 1980 kwa hofu ya uvimbe ulioonekana kwa mbwa waliopewa dozi kubwa mno. Wakati huo kampuni ya Merck ya Marekani ilikuwa imepata lovastatini kutoka kwa kuvu mwingine, *Aspergillus terreus*. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwezi Septemba 1987, ikawa statini ya kwanza kuingia sokoni. Mwaka uliofuata zilichapishwa taarifa za wagonjwa waliopandikizwa moyo ambao misuli yao iliharibika vibaya baada ya kupewa lovastatini pamoja na siklosporini, dawa ya kuzuia mwili usikatae kiungo kigeni. Siklosporini ilikuwa ikiizuia lovastatini isiondoke mwilini, hata kiasi chake kwenye damu kikapanda mara kadhaa. Tangu hapo ilieleweka kwamba hatari haitokani na statini peke yake, bali pia na kile kinachomezwa pamoja nayo.

Uharibifu huo mkali wa misuli huitwa rabdomiolisisi, na ulijulikana zamani kabla ya statini. Mwaka 1941 Eric Bywaters na Desmond Beall walieleza hali ya watu wa London waliofukuliwa kutoka chini ya vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu. Walitolewa wakiwa hai, wakaonekana wana nafuu, kisha figo zao zikashindwa kazi baada ya siku chache. Misuli iliyopondwa ilikuwa imemwaga protini yake, mioglobini, kwenye damu, na figo zikazidiwa. Statini ikiharibu misuli kwa kiwango hicho, mkondo ni ule ule: udhaifu na maumivu makali, mkojo wenye rangi ya kahawia iliyokolea kama chai kavu, kisha figo. Hiyo ni dharura ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa bahati nzuri ni nadra sana, mtu mmoja au pungufu kati ya makumi ya maelfu ya watumiaji kwa mwaka.

Faida ya dawa hizi ilithibitishwa mwaka 1994 na utafiti wa nchi za Skandinavia ulioitwa 4S. Wagonjwa 4,444 wa moyo walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano, na vifo miongoni mwa waliopewa simvastatini vikapungua kwa asilimia 30. Baada ya hapo kila kampuni kubwa ilitaka statini yake, na Bayer ikaleta serivastatini, yenye nguvu hata kwa dozi ndogo mno, chini ya miligramu moja. Tarehe 8 Agosti 2001 Bayer iliiondoa sokoni. Vifo 31 vilivyotokana na rabdomiolisisi vilikuwa vimeripotiwa Marekani pekee, 12 kati yake kwa watu waliokuwa wakitumia pia jemfibrozili, dawa nyingine ya mafuta ya damu. Jemfibrozili ilifunga njia ambazo mwili huzitumia kuitoa serivastatini. Baadhi ya wengine waliokufa walikuwa kwenye dozi ya juu kabisa.

Msiba wa serivastatini ulileta umakini, lakini ulileta pia hofu iliyozitia statini zote kwenye kapu moja. Magazeti yaliandika, karatasi za maelezo ndani ya pakiti zikaweka maumivu ya misuli mbele, na kila mwenye miaka 60 aliyeamka mgongo unamuuma akawa na cha kulaumu. Mwaka 2005 uchunguzi wa Ufaransa uliofanywa kwa watu karibu 8,000 wenye dozi kubwa uligundua kuwa takriban asilimia 10 walilalamikia misuli. Majaribio yaliyokuwa na kundi la kulinganishia, hata hivyo, yaliendelea kuonyesha kuwa wanaomeza statini na wanaomeza kidonge kisicho na dawa huumwa karibu sawasawa. Madaktari wa kliniki waliwaona watafiti kuwa hawajui hali halisi ya wagonjwa. Watafiti waliona kliniki haina namna ya kutofautisha maumivu ya dawa na maumivu ya umri.

Katika miaka hiyo ya mvutano tiba nyingi za pembeni zilipata wateja. Iliyouzwa zaidi ni koenzaimu Q10, kitu kilichogunduliwa Wisconsin mwaka 1957 ambacho seli hukihitaji kuzalisha nguvu. Hoja ilisikika vizuri: njia ya kikemia inayotengeneza kolesteroli ndiyo hiyo hiyo inayotengeneza Q10, kwa hiyo anayeifunga kwa statini anapunguza vyote viwili. Lakini majaribio hayakuonyesha nafuu ya kuaminika. Vitamini D nayo ilipendekezwa kwa miaka mingi, mpaka utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 ulipoonyesha kuwa haizuii maumivu ya misuli kwa wanaoanza statini wala haiwafanyi waendelee nayo. Vidonge hivyo havina madhara makubwa. Kasoro yake ni bei, na matumaini yanayouzwa pamoja navyo.

Chanzo kimoja cha kweli kilipatikana kwenye urithi. Utafiti wa Uingereza ulioitwa SEARCH uliwagawa watu 12,064 kati ya simvastatini miligramu 80 na miligramu 20. Wa dozi kubwa waliopata ugonjwa halisi wa misuli walikuwa zaidi ya 50. Wa dozi ndogo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2008 watafiti hao walionyesha kuwa wengi wa walioathirika walikuwa na umbo fulani la jeni SLCO1B1, linalosimamia mlango ambao statini hupitia kuingia kwenye ini. Mlango ukiwa mzito, dawa hubaki kwenye damu na kuifikia misuli. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia wagonjwa wapya wasianzishiwe miligramu 80, na ikaweka kikomo cha miligramu 20 za simvastatini kwa anayetumia amlodipini. Onyo hilo la pili linawahusu sana wasomaji wa Afrika Mashariki, ambako amlodipini ni miongoni mwa dawa za shinikizo la damu zinazoandikwa kila siku. Dawa za VVU zenye ritonaviri hazipaswi kabisa kutumiwa pamoja na simvastatini au lovastatini. Baadhi ya antibiotiki kama klarithromaisini, na juisi nyingi ya balungi, nazo hupandisha kiasi cha dawa hizo mbili mwilini.

Swali lililowagawa madaktari wa kliniki na watafiti lilibaki. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa utafiti wa ASCOT wa atorvastatini, uliokuwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza hakuna aliyejua anameza nini, na malalamiko ya misuli yalikuwa asilimia 2 kwa mwaka katika makundi yote mawili. Katika sehemu ya pili watu walijua, na hapo waliomeza statini walilalamika zaidi kuliko wasiomeza. Kilichobadilika ni kujua. Hali hiyo huitwa nosebo: mtu akitarajia kuumia, huumia kweli.

Mwaka 2020 Chuo cha Imperial cha London kilikwenda mbali zaidi katika utafiti ulioitwa SAMSON. Waliandikishwa watu 60 ambao tayari walikuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja alipewa chupa 12 za mwezi mmoja mmoja: nne za atorvastatini, nne za vidonge visivyo na dawa, nne tupu, kwa mpangilio usiotabirika. Kila siku waliandika kwenye simu ukali wa dalili zao, kutoka sifuri hadi 100. Miezi ya chupa tupu ilipata wastani wa 8, ya vidonge visivyo na dawa 15.4, ya statini 16.3. Asilimia 90 ya mateso yaliyohusishwa na statini yalitokea pia kwa kidonge kisicho na chochote ndani. Wapo walioyasoma matokeo haya kama tuhuma kwamba wagonjwa hujitungia maumivu. Usomaji huo ni mbovu, kwa sababu tofauti kati ya 8 na 15 ni mateso yaliyohisiwa na mwili halisi. Kilichokosewa ni chanzo chake. Wagonjwa wenyewe walielewa vizuri kuliko wahakiki, kwani baada ya kuonyeshwa takwimu zao nusu yao walirudia statini.

Mwaka 2022 wataalamu wa Oxford walikusanya majaribio 19 yenye watu wapatao 124,000. Walioripoti maumivu au udhaifu wa misuli walikuwa asilimia 27.1 kwa statini na 26.6 kwa kidonge kisicho na dawa. Ziada ilionekana zaidi katika mwaka wa kwanza, malalamiko 11 kwa kila watu 1,000, na kati ya malalamiko yote ya waliomeza statini mwaka huo, ni moja tu kati ya 15 lililosababishwa na dawa kweli.

Kutokana na historia hiyo, utaratibu wa sasa wa kumhudumia mwenye maumivu una hatua zinazofahamika. Hutafutwa kwanza visababishi vingine: tezi ya shingo isiyofanya kazi ya kutosha, kazi nzito au mazoezi mapya, dawa zinazogongana. Hupimwa kreatini kinesi, kimeng'enya kinachovuja misuli inapoumia. Hapa kuna mtego kwa wagonjwa wa asili ya Afrika, ambao kiwango chao cha kawaida huwa juu ya kile kilichoandikwa kwenye majedwali ya maabara. Kipimo kilichochukuliwa kabla ya kuanza dawa huepusha mtu kuachishwa bure. Kiwango kikivuka mara 10 ya kawaida dawa husimamishwa papo hapo. Kisipofika huko, na maumivu yanasumbua, mgonjwa hupumzika wiki mbili hadi nne, kisha hujaribu tena: dozi ndogo, statini nyingine, au rosuvastatini siku moja moja, kwa kuwa hudumu mwilini muda mrefu. Wengi huweza. Wachache wasiopata nafuu hata baada ya kuacha huchunguzwa kwa ugonjwa wa nadra ambamo kinga ya mwili hukishambulia kimeng'enya kile kile kinacholengwa na statini. Hao hutibiwa kwa dawa za kutuliza kinga.

Kwa walioshindwa kabisa zipo njia nyingine. Ezetimibi, ya mwaka 2002, huzuia kolesteroli kufyonzwa kutoka kwenye utumbo. Tangu 2015 zimekuwepo sindano za evolokumabu na alirokumabu. Asidi ya bempedoiki, iliyoidhinishwa 2020, huwashwa na kimeng'enya kilichomo kwenye ini lakini hakimo kwenye misuli. Mwaka 2023 utafiti wa watu 13,970 wasioweza statini ulionyesha kuwa inapunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 13 bila kuzidisha maumivu ya misuli, ingawa iliongeza ugonjwa wa jongo. Hakuna kati ya hizo iliyo na ushahidi mrefu na mpana kama wa statini, na sindano zina bei ambayo wagonjwa wengi duniani hawaimudu. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Marekani wanamtaka daktari ajaribu angalau statini mbili, mojawapo kwa dozi ya chini kabisa, kabla ya kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa haziwezi.