Taa za redio zilizochelewa kufika Gisenyi

Mwaka 1957 maji ya mto Sebeya yalianza kuzungusha mitambo ya umeme ya Gisenyi, na mwaka huohuo kampuni ya bia ya Bralirwa ikaanzishwa hapo kando ya Ziwa Kivu. Kwa mkazi wa Rugerero, ambako Sebeya hupita kabla ya kuingia ziwani, hiyo ni historia ya nyumbani. Kwa mpenzi wa redio za kale ni mwaka wenye mzaha mchungu. Miaka mitatu nyuma, 1954, Marekani ilikuwa imeanza kuuza Regency TR-1, redio ya kwanza ya transista kuingia madukani. Umeme wa kuwashia redio kubwa ya mezani ulifika huku wakati redio yenyewe imeshaanza kuzeeka.

Enzi ya redio za taa, ambayo Ubelgiji au Uingereza ilidumu zaidi ya miaka 30 sebuleni karibu na soketi, hapa ilikuwa fupi na ya wachache: maofisa wa kikoloni, misheni, wafanyabiashara, wenye mashamba. Nje ya nyumba hizo, redio ya taa ilipopatikana ilikuwa ya betri. Kwa hiyo anayetaka kukusanya taa hizi upande huu wa Kivu, halafu akafuata orodha za wakusanyaji wa Ulaya, atatafuta vitu ambavyo havikufika na kuvipita vilivyofika.

Taa ya redio, ambayo mafundi wengine huiita vali, ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani mna uzi unaopashwa moto hadi utoe elektroni, bamba la kuzivuta, na kati yake wavu unaoamua zipite kiasi gani. John Ambrose Fleming wa London aliandikisha taa isiyo na wavu mwaka 1904. Lee de Forest, Mmarekani, akaongeza wavu miaka miwili baadaye, na kuanzia hapo mawimbi dhaifu ya kutoka mbali yakawezekana kukuzwa.

Tatizo lilikuwa ule moto. ECH81, taa ya kawaida kabisa katika redio za umeme za Ulaya, hula volti 6.3 na ampea 0.3 kwa kupasha uzi tu, karibu wati 2 kabla hujasikia neno lolote. DK96 hufanya kazi ileile ndani ya redio ya betri kwa volti 1.4 na ampea 0.025. Piga hesabu uone: tofauti inapita mara 50. Uzi wa DK96 ni mwembamba sana, hata gizani ni shida kuuona ukiwaka. Pamoja na ndugu zake DF96, DAF96 na DL96, taa hii ndiyo iliyofaa nchi zisizo na nyaya za umeme.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari mjini Lusaka, aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya bei nafuu kwa Waafrika. Mwaka 1949 ikatoka redio ya taa 4 iliyofungwa ndani ya bakuli la sufuria ya alumini lililopakwa rangi ya buluu. Bei yake ilikuwa pauni 5, betri ikiuzwa kando, na betri hiyo ilidumu takriban saa 300. Jina lake la utani likawa hilohilo la sufuria. Ninaiona kuwa redio ya maana kuliko masanduku yote ya mbao ya mkangazi yanayopigwa picha kwenye makumbusho, maana ilianza na swali la nani atasikiliza na kwa pesa gani.

Mwenye redio Gisenyi wakati ule alikuwa na vya kutafuta kwenye masafa mafupi. Radio Congo Belge ilianza Léopoldville mwaka 1940, na mwaka 1943 mji huohuo ukapata mtambo wa kilowati 50 wa redio ya taifa ya Ubelgiji. Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, BBC mwaka 1957. Radio Rwanda ilikuja 1961, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na punde transista zikatapakaa.

Taa zilizobaki hazisemi kitu bila vitabu vyake. Philips na wenzake wa Ulaya walikuwa na utaratibu mzuri wa majina: herufi ya kwanza hueleza uzi (D ni volti 1.4, E ni volti 6.3), za kufuata hueleza kazi (F na L ni pentodi, yaani taa yenye nyavu tatu, L ikiwa ya kutoa sauti kwenye spika). Wamarekani wakafuata njia yao ya tarakimu, ndiyo maana mwongozo wa taa wa RCA ulikuwa lazima kwa fundi aliyeletewa redio ya kutoka kwao. Lakini kitabu ambacho mimi ningekitafuta kwanza katika makabati ya misheni na karakana za zamani, kuanzia Gisenyi hadi Bukavu, ni Vade-Mecum cha P. H. Brans, kilichochapishwa Antwerp. Ni majedwali matupu: taa za makampuni ya nchi mbalimbali, michoro ya pini, na ipi inaweza kukaa mahali pa ipi. Kwa fundi aliye mbali na duka, hilo la mwisho ndilo lililookoa kazi.

Soko la dunia halithamini taa hizi za betri. Bei kubwa ziko kwenye EL34, ECC83 na 300B, zinazotakiwa na wapiga gitaa na wapenda muziki. Ndiyo sababu viwanda vya Saratov nchini Urusi na JJ cha Slovakia bado vinafyatua taa mpya. DK96 haimtajirishi mtu. Vizuri, basi na isinunuliwe kwa pupa. Ukiishika, tazama chini ya kioo kama kuna vialama vidogo vilivyochorwa kwa tindikali: herufi L humaanisha kiwanda cha MBLE, Brussels, na taa yenye alama hiyo inaingia moja kwa moja katika historia ya ukoloni wa hapa. Kisha tazama lile doa la kung'aa kama kioo cha kujitazamia lililo ndani ya chupa. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeshaingia, na taa hiyo ni ya kabati tu.

Ajabu ni kwamba taa kubwa kuliko zote nchini zilifika baada ya transista. Deutsche Welle, redio ya Ujerumani, ilifungua kituo chake cha Kinyinya, Kigali, mwaka 1965, na baadaye kikawa na mitambo minne ya kilowati 250 kila mmoja. Nguvu ya namna hiyo kwenye masafa mafupi ilihitaji taa nzito za chuma na kauri zinazopozwa kwa maji. Msikilizaji wa Kiswahili mwenye transista ya mfukoni alikuwa bado anasikia kazi ya taa, bila kujua, hadi kituo kilipofungwa Machi 2015.

Yeyote anayegonga milango akiulizia redio za wazee ajue pia anauliza nini. Redio ya chuki ya RTLM ilianza Julai 1993, ikachochea Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na ilipokimbia Kigali ilitangaza siku zake za mwisho kutoka Gisenyi. Iko familia ambayo redio ya babu ni urithi, na iko ambayo haitaki kuiona. Jibu la hapana lipokelewe bila kudadisi.

Kuhifadhi nako kuna mambo yake. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba Gisenyi na Goma, na Mei 2023 Sebeya ulifurika ukaingia nyumba za watu, Rugerero ikiwemo. Vioo basi vikae chini, kila kimoja kwenye boksi lake. Vitabu vikae juu. Kila ukurasa wenye michoro ya pini upigwe picha mapema.

Na kuwasha inawezekana. Betri ya volti 90 iliyolisha mabamba ya taa haipatikani dukani, lakini zile za volti 9 za mraba, kumi zikishikanishwa mfululizo, zinatosha. Uzi upewe jiwe moja la volti 1.5. Kabla ya hapo fungua kitabu. Kwenye DK96 uzi uko pini ya 1 na ya 7. DL96 ina uzi wa vipande viwili, kiungo chake kikiwa pini ya 5, hivyo hukubali volti 1.4 au 2.8 kulingana na ulivyounganisha. Zile 90 zikipotea njia zikaangukia kwenye uzi, taa zote nne huungua kwa mpigo mmoja.