Msokoto: istilahi ya mpira wa meza na kazi ya kiganja

Msokoto, katika mpira wa meza, ni hali ya mpira kujizungusha kwenye mhimili wake huku ukisafiri kutoka upande mmoja wa meza hadi wa pili, hali ambayo mchezaji huisababisha kwa kuupitishia mpira uso wa raketi kwa namna ya kuusugua, si kwa kuugonga tu. Anayeanza kujifunza hukutana na jambo hili mapema, mara nyingi kabla hajajua hata kusimama vizuri, kwa sababu vipimo vya mchezo havimwachii nafasi ya kulikwepa. Meza ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525, imeinuka sentimita 76 kutoka sakafuni, na katikati yake umesimama wavu wenye kimo cha sentimita 15.25, hivyo kila mchezaji ana mita 1.37 tu za urefu ambamo mpira wa mwenzake lazima udunde. Mpira unaopigwa kwa nguvu zote na kwa mstari ulionyooka kutoka nyuma ya meza, hasa ukipigwa ukiwa chini ya kimo cha wavu, ama hugota wavuni ama huvuka na kuangukia nje, na uzito wake wa gramu 2.7 hautoshi kuushusha kwa wakati. Kinachouvuta chini ukishavuka ni msokoto.

Kabla ya kuitetea istilahi hiyo, yafaa kukiri kwamba msamiati wa mchezo huu katika Kiswahili una tatizo jingine lililotangulia, nalo ni neno mpira lenyewe. Mpira ni mchezo, mpira ni kile kitufe kinachochezewa, na mpira ni ule utomvu ulioganda ambao hutengenezewa matairi. Katika mpira wa meza maana hizi tatu hukutana mahali pamoja kwa namna ya kuchekesha, kwa kuwa kitufe chenyewe si cha mpira hata kidogo: kwa miongo mingi kilikuwa cha seluloidi, na tangu mwaka 2014 kimekuwa kikitengenezwa kwa plastiki ya aina nyingine. Mpira halisi uko kwenye raketi, ambayo ubao wake hufunikwa kwa ngozi ya mpira yenye vinundu, kwa kawaida ikiwa na tabaka la sponji chini yake. Mwalimu anayesema kwamba mpira uguse mpira kwa upole hana kosa la kisarufi, ila mwanafunzi wake hajui cha kufanya. Makala haya kwa hiyo yanaiita ngozi ya raketi raba, ingawa mitaani raba ni viatu, kwa kuwa ni nadra mtu kukosea viatu na raketi.

Wachezaji wengi hulitaja jambo linalojadiliwa hapa kwa neno la mkopo, spini, ambalo halina ubaya wa matamshi, limeishia kwa irabu kama inavyopasa na linaingia katika ngeli bila ugomvi. Udhaifu wake ni kwamba limekuja bila kitenzi. Mtu hupiga spini, hutia spini au huweka spini, lakini hawezi kutendwa kwa spini wala kutenduliwa, na lugha ambayo nguvu yake kubwa imo katika minyambuliko ya vitenzi inapolazimika kusaidiwa na kupiga na kuweka katika kila sentensi huwa imenyang'anywa chombo chake bora. Isitoshe, neno hilo huko lilikotoka, katika Kiingereza, asili yake ni kusokota uzi; maana ya kuzunguka kwa kasi ilikuja baadaye. Anayekopa spini amekopa, bila kujua, jambo ambalo tayari analo nyumbani.

Mpinzani mwenye hoja nzito zaidi ni mzunguko. Vitabu vya jiografia hulitumia kwa dunia inayojizungusha kwenye mhimili wake, na fizikia ya shule hulihitaji kwa magurudumu na mapangaboi, kwa hiyo kulileta mezani kungeonekana ni kufuata njia iliyokwisha kupasuliwa. Tabu zake ni mbili. Kwanza, neno hilohilo hubeba pia mwendo wa dunia kulizunguka jua, mwendo wa damu mwilini na, kwa msomaji wa kurasa za michezo, awamu ya mashindano, kiasi kwamba habari ya mchezaji aliyeshindwa na mzunguko wa mwenzake katika mzunguko wa pili ingehitaji kusomwa mara mbili. Pili, na hili ndilo la msingi, kuzunguka ni tendo la kitu chenyewe. Dunia huzunguka, pia ya mtoto huzunguka, na sentensi hukamilika bila kumtaja mtu. Msokoto haukamiliki hivyo, kwa sababu kusokota kunadai mkono unaosokota, na katika mpira wa meza mkono huo ndio unaofundishwa.

Kitenzi pota, ambacho nacho maana yake ni kusokota uzi au kamba, kingefaa vilevile kwa maana, lakini vijana wengi hawakitumii tena, na mpira uliopotwa ungesikika masikioni mwao kama mpira uliopotea, jambo ambalo katika mchezo huu hutokea mara nyingi bila msaada wa istilahi.

Ili kuona kwa nini kusokota ni kitenzi sahihi, inatosha kuutazama mkono wa msokotaji wa kamba za makumbi, kazi ambayo katika vijiji vya pwani vya Unguja na Pemba imekuwa kwa sehemu kubwa ya wanawake. Makumbi ya nazi huzikwa pwani kwa miezi hadi yalainike, kisha hufukuliwa na kupondwa hadi nyuzi ziachane. Msokotaji huchukua vifungu viwili vyembamba vya nyuzi, akavilaza juu ya kiganja kimoja, na kiganja cha pili kikapita juu yake kuelekea mbele kikiwa kimekaza kidogo, ndipo nyuzi zinapobiringika kati ya ngozi na ngozi na kushikana. Kiganja hakizipigi nyuzi, kwa kuwa kikizipiga zitalala bapa tu; wala hakitelezi juu yake, kwa kuwa kikiteleza hazitabiringika. Kinazishika na kuziacha katika mwendo mmoja. Raketi inayosokota mpira hufanya hivyohivyo: raba inaushika mpira kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, uso wa raketi unapita kandokando ya mpira badala ya kuuelekea moja kwa moja, na mpira unaondoka ukiwa umechukua mwendo wa mkono pembeni mwake.

Wachina, ambao hakuna taifa lililoufikiria mchezo huu kwa bidii kuwazidi, wameupa msukumo wa chini wa kinga, ule unaopita chini ya mpira na kuurudisha ukiwa na msokoto wa nyuma, jina la kitenzi ambacho kwao ni kusugua viganja na ni kusokota kamba. Hawakukitumia kwa misokoto yote, na haidaiwi hapa kwamba walikuwa na mawazo ya Pwani. Kinachodaiwa ni kwamba watu wawili walioutazama mkono uleule, mbali na wenzao, wameliona jambo moja.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba kamba hubaki imesokotwa hata baada ya mkono kuondoka, ilhali mpira haubaki na alama yoyote, na hilo ni kweli, isipokuwa kwamba mpira nao hubaki na msokoto wake hadi meza, hewa au raketi nyingine iuondoe. La pili linatoka magazetini, ambako misokoto huhesabiwa katika habari za mahakama na aghalabu ni ya bangi. Neno lenye kazi mbili zilizo mbali kiasi hicho halimchanganyi mtu, na mwandishi wa istilahi anayesubiri neno lisilo na ndugu mwenye sifa mbaya atasubiri sana.

Aina kuu za msokoto ni tatu. Msokoto wa mbele ni ule ambao sehemu ya juu ya mpira inazunguka kuelekea uendako mpira, kama gurudumu linavyofanya barabarani. Msokoto wa nyuma ni kinyume chake, na msokoto wa ubavu ni ule ambao mhimili wake umesimama wima, hata mpira ukapinda kushoto au kulia. Maneno mbele na nyuma yamechaguliwa hapa badala ya juu na chini kwa sababu itakayoonekana baadaye. Anayetaka kuuona msokoto wa nyuma bila raketi aweke mpira mezani, aubane kwa kidole kwenye ukingo ulio karibu naye hadi ufyatuke: mpira utakwenda mbele, utasita kana kwamba umesahau kitu, kisha utamrudia.

Hewani, tofauti ya aina hizi inatokana na kile kinachoitwa athari ya Magnus, kwa jina la mwanafizikia Mjerumani Heinrich Gustav Magnus aliyeichunguza katikati ya karne ya 19. Mpira wenye msokoto wa mbele huitupa juu hewa inayoupita, nao kwa kulipiziwa husukumwa chini, ndiyo maana hupita wavu kwa mbali na bado ukatua ndani. Wenye msokoto wa nyuma hubebwa, huelea na kuchelewa. Mezani, wa kwanza hurukia mbele ukiwa chini-chini, na wa pili hupunguza mwendo. Lakini mwanafunzi huteswa zaidi na kile kinachotokea kwenye raketi yake. Akiukinga mpira wenye msokoto wa mbele kwa raketi iliyosimama wima, mpira hupanda raba na kuruka nje ya meza. Akiukinga wenye msokoto wa nyuma kwa raketi ileile, hushuka na kuingia wavuni, naye hudhani amepiga kwa unyonge. Hajapiga kwa unyonge. Amesoma vibaya, na dawa yake ni kuifunga raketi, yaani kuinamisha uso wake kuelekea mezani, kwa mpira wa kwanza, na kuifungua, yaani kuuinua uso huo, kwa mpira wa pili.

Historia ya sheria za mchezo huu tangu katikati ya karne ya 20 inaweza kusomwa kama jitihada za kuufanya msokoto usomeke. Mwaka 1952, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Bombay, Mjapani Hiroji Satoh alitwaa ubingwa wa wanaume akiwa na raketi iliyovikwa sponji nene, ambayo iliinyamazisha ile sauti ya mpira kugongwa ambayo wapinzani wake walizoea kuitegemea. Mwaka 1959 shirikisho la kimataifa liliweka mipaka ya unene wa sponji na raba, na hadi leo vyote viwili pamoja na gundi havizidi milimita 4. Katika miaka ya 1980 ikaamriwa kwamba pande mbili za raketi ziwe na rangi tofauti, kwa kuwa wapo waliokuwa wakibandika raba mbili zenye tabia tofauti lakini rangi moja, wakaigeuza raketi mkononi bila mpinzani kujua ni ipi iliyougusa mpira. Mwaka 2000 kipenyo cha mpira kilipanda kutoka milimita 38 hadi 40, jambo lililopunguza mwendo na msokoto kwa pamoja. Mwaka 2002 ikakatazwa kuuficha mpira kwa mkono au mwili wakati wa kuuanzisha; kwa sheria zilivyo sasa, mpira ulazwe wazi juu ya kiganja kilichofunguka, urushwe juu kwa angalau sentimita 16, na mpokeaji auone hadi unapopigwa. Sheria haimzuii mtu kusokota. Inamzuia kusokota gizani.

Faida ya mwisho ya istilahi hii imo katika kauli ya kutendua, ambayo kwayo funga huzaa fungua na sokota huzaa sokotoa. Mchezaji anayepokea mpira wenye msokoto wa mbele na kuujibu naye kwa msokoto wa mbele lazima kwanza ausimamishe mzunguko ulioko na kuugeuza, yaani ausokotoe kisha ausokote upya, na ugumu wa pigo hilo unatokana na kazi hizo mbili kufanywa kwa mguso mmoja. Mwenzake anayerudi nyuma ya meza na kuukata mpira uleule kwa kushusha raketi hafanyi hivyo. Uso wa mpira unaomwelekea ulikuwa tayari ukizunguka kwenda chini, naye ameuongezea tu. Kilichobadilika ni upande uendako mpira, na kwa hiyo mzunguko uleule uliokuwa msokoto wa mbele ulipokuja umekuwa msokoto wa nyuma unaporudi. Hapa ndipo juu na chini vingeshindwa kueleza, kwa kuwa hivyo haviujui mwelekeo wa safari, ilhali mbele na nyuma hugeuka pamoja na mpira. Zipo hata raba za vinundu virefu, vinavyolala vikiguswa na haviushiki mpira vya kutosha kuugeuza, ambazo hufanya kazi hiyo mkono ukiwa umetulia: mchezaji huweka raketi tu, na aliyepiga kwa nguvu upande wa pili hurudishiwa msokoto aliousokota mwenyewe.