Punje Zinazobaki Nyumbani

Bibi yangu huchambua mahindi kwa macho na kwa pua. Hukaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, hapa Heru Juu, ungo mapajani na marundo matatu mbele yake. Rundo la kwanza ni la mbegu. La pili ni la kula na kuuza. La tatu ni la punje zilizobadilika rangi, zenye kijani cha ukungu au weusi kwenye kiini. Hizo ni za kuku, na zamani zilikuwa za pombe. Sijawahi kumwona akitupa rundo la tatu. Kwake kutupa mahindi ni kumtukana aliyelima, na aliyelima ni yeye.

Nimeanza na bibi kwa sababu tasnifu yangu ya uzamili inahusu chakula na mipaka, na kila ninapofungua nyaraka nakutana na mawaziri, maabara, malori na maofisa forodha, lakini yeye simwoni.

Ijumaa, tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliandika barua kwa idara ya forodha ya nchi hiyo: mahindi kutoka Tanzania na Uganda yasiingie, kwa kuwa uchunguzi umeonesha yana sumu ya ukungu kupita kiwango salama. Malori yakasimama mpakani. Huku kwetu, mjomba alikuwa ameshampa magunia kumi na manane mfanyabiashara aliyekuwa akikusanya mzigo Kasulu wa kupeleka Sirari. Machi kwetu mahindi ya kwanza yameshavunwa, lakini mvua iliyoanza Oktoba bado inanyesha, na itanyesha hadi Mei. Watu huanika kwa kuviziana na mawingu.

Tarehe 10 Machi Kenya ililegeza zuio kwa masharti. Mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha mahali ulikolimwa, na uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Siku tano tu. Ukisoma magazeti ya wakati ule unaweza kudhani mambo yaliishia hapo. Lakini mfanyabiashara wetu hakuwa na cheti hata kimoja, na magunia yalikaa wiki kadhaa kwenye stoo yenye sakafu ya udongo, mvua ikinyesha, kabla mjomba hajayafuata. Yalirudi yakiwa na joto ndani. Aliyewahi kutia mkono kwenye gunia la namna hiyo anajua maana yake.

Tuliyala. Nilikuwa likizo, nami nilikula.

Sehemu 10 katika bilioni ni gramu moja ya sumu ndani ya magunia elfu moja ya kilo mia mia. Kiwango hicho ndicho cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, nacho kina historia yake. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Wanasayansi wakafuatilia na kuikuta sumu inayotengenezwa na ukungu. Tangu hapo kila soko likajiwekea kipimo chake. Marekani iliridhika na 20. Ulaya ilishuka hadi 4 kwa nafaka nyingi zinazoliwa moja kwa moja. Mwili wa binadamu ni uleule pande zote mbili za Atlantiki, kwa hiyo tofauti hiyo haikuletwa na ini. Ililetwa na hesabu za nani anakula mahindi mengi, nani anayauza, na nani anaweza kumudu kuyakataa.

Hata hivyo sitaki kuandika kama wale wanaosema sumukuvu ni kisingizio tu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui, kati ya wagonjwa 317. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu: Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, vifo 20. Waliokufa walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani kwao. Hakuna mpaka waliouvuka, na hakuna barua iliyoandikwa kuyazuia mahindi yale yasifike jikoni.

Hapo ndipo barua ya Machi 2021 inaponikwaza. Novemba 2019 shirika la viwango la Kenya lilikuwa limesimamisha chapa tano za unga zilizosagwa na kuuzwa nchini humo, kwa sumu hiyohiyo. Ukungu ulikuwa kwao pia. Wakulima wao wa Bonde la Ufa walikuwa wakilalamika miaka mingi kwamba mahindi ya bei nafuu kutoka nje yanawaharibia soko. Miezi kumi kabla, serikali zetu mbili zilikuwa zimegombana Namanga juu ya vipimo vya korona vya madereva. Kisha, Mei 2021, Rais Samia alipokwenda Nairobi, mahindi yakazungumzwa mezani na milango ikalegea zaidi. Kiwango kilibaki 10 muda wote huo. Wala Kenya si mgeni wa machungu haya: kuanzia 2013 Ulaya ilikagua mizigo 10 katika kila 100 ya maharage mabichi yake kwa sababu ya mabaki ya dawa, na wakulima wadogo wengi walishindwa gharama za kuthibitisha usafi wao.

Nasi tumefunga wenyewe. Mwaka 2011, na tena 2017, serikali yetu ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi, safari hizo kwa jina la njaa.

Nilimuuliza bibi kuhusu miaka ya 1970, wakati Shirika la Usagishaji la Taifa liliponunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hata kwetu mwisho wa barabara. Alikumbuka mizani. Alikumbuka kusubiri malipo. Kuhusu ukungu, alisema hakuna aliyeuliza.

Kinachonisumbua ni mwelekeo wa uchambuzi wenyewe. Kadiri soko la nje linavyotaka punje safi, ndivyo tunavyopeleka zilizo bora Sirari, Burundi na Mwanza, na zilizokataliwa zinarudi kwenye ungo wa bibi. Kupika ugali hakuiondoi sumu. Macho yake yanapunguza hatari, na tafiti zinakubali hilo, lakini punje nzuri kwa macho yaweza kuwa nayo. Hata maabara hubahatisha: sumu hujikusanya kwenye punje chache, na lori moja laweza kufaulu kwa sampuli hii na kufeli kwa ile.

Likizo iliyopita nilimwambia bibi rundo la tatu tulichimbie shimo, hata kuku wasipewe, maana mayai tunakula sisi.

“Nani kapima, mjukuu wangu?”

Nikamwambia hakuna aliyepima.

Akachota konzi moja, akainusa, akanisogezea nami ninuse. Ilinukia kama udongo baada ya mvua. Kuku walikuwa wameshafika kwenye ukingo wa mkeka.