Mtoto mchanga mtulivu kupita kiasi apimwe thairoidi

MTOTO mchanga asiyelia ovyo huwa faraja kwa mzazi, na majirani humsifu kwa utulivu wake. Hata hivyo, utulivu uliozidi, hasa kwa mtoto ambaye ni lazima aamshwe kila mara ili anyonye, unaweza kuwa ishara kwamba tezi yake ya thairoidi haifanyi kazi ipasavyo.

Tezi hiyo, yenye umbo la kipepeo, ipo mbele ya shingo. Homoni zake huongoza matumizi ya nguvu mwilini, ukuaji wa mifupa na, katika miaka ya mwanzo ya maisha, ukuaji wa ubongo. Mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na upungufu wa homoni hizo, mara nyingi kwa sababu tezi haikuumbika vizuri au haipo kabisa.

Dalili nyingine ni umanjano wa macho na ngozi unaozidi wiki mbili, kufunga choo, ulimi mkubwa, kilio cha sauti nzito na kitovu kilichotokeza. Wengi huzaliwa bila dalili, kwa kuwa homoni za mama huwakinga kwa muda. Ndiyo sababu nchi nyingi humpima kila mtoto kwa tone la damu ya kisigino siku chache baada ya kuzaliwa.

Tiba ni kidonge cha levothairoksini kila siku. Kichanga huanza na mikrogramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa maelekezo ya daktari. Kidonge husagwa na kuchanganywa na maji kidogo au maziwa ya mama. Kisitolewe pamoja na maziwa ya soya, wala dawa za madini ya chuma au kalisi. Tiba ikianza ndani ya wiki mbili, watoto wengi hukua sawa na wenzao. Ikichelewa kwa miezi, ubongo huweza kudhurika daima.

Kwa watoto wakubwa, tatizo huletwa zaidi na kinga ya mwili kuishambulia tezi, au lishe isiyo na madini joto ya kutosha. Kimo hudumaa, na mtoto huchoka na kuhisi baridi upesi.

Wazazi wanashauriwa kutumia chumvi yenye madini joto na kutokatiza dawa mtoto anapoonekana amepona, kwani nafuu hiyo huletwa na dawa yenyewe.