Tathmini ya shahada ya uuguzi nchini Tanzania

Tathmini ya shahada ya uuguzi ni upimaji wa ubora wa programu ya chuo kikuu inayoandaa wauguzi. Nchini Tanzania shahada hiyo husomwa kwa miaka 4, kisha mhitimu hufanya utarajali wa mwaka 1 hospitalini.

Vyombo viwili vinahusika. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanzishwa mwaka 2005, hukagua mtaala, wahadhiri na vifaa. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania husajili wahitimu na kuwapa leseni. Bila leseni, cheti cha chuo peke yake hakimruhusu mtu kuhudumia wagonjwa.

Kipimo kingine ni mafunzo ya wodini. Katika Nyanda za Juu Kusini, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya hupokea wagonjwa kutoka mikoa kadhaa, na tawi lake la Meta huhudumia akina mama wajawazito na watoto. Mkoani Iringa kuna hospitali ya rufaa ya mkoa na ile ya Tosamaganga. Hata hivyo, wagonjwa wengi hawatoshi pasipo mkufunzi wa kumsimamia mwanafunzi.

Kabla ya kulipa ada, mwombaji huhakikisha kwamba programu imo katika mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika.