Rangi Moja, Vibao Sitini

Sisi tuliosomea uhandisi tumezoea kuulizwa swali moja kila kazi inapoanza: itakwisha lini? Wahenga nao wametuachia majibu ya pande mbili. Wametuambia haraka haraka haina baraka, kisha wakatuonya kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Historia ya uchoraji ina kisa ambacho methali hizi mbili zilipatanishwa ndani ya chumba kimoja cha Harlem, New York, kati ya mwaka 1940 na 1941. Tunakileta hapa kwa sababu ni kisa cha wahamaji, na sisi ni wahamaji.

Mwenye kisa ni Jacob Lawrence, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1917 huko Atlantic City, New Jersey. Wazazi wake walikuwa wametoka majimbo ya Kusini, wakipanda kuelekea Kaskazini kutafuta maisha. Ndoa yao ilipovunjika, Jacob na wadogo zake walilelewa kwa muda na watu wengine mjini Philadelphia, hadi mwaka 1930 alipoungana na mama yake Harlem, akiwa na miaka 13. Mama alikuwa akihangaika na kazi, hivyo akamwandikisha mwanawe kwenye kituo cha watoto cha baada ya saa za shule, asije akazurura mitaani. Huko ndiko alikokutana na mwalimu wake wa kwanza wa uchoraji, Charles Alston.

Safari ya wazazi wake ilikuwa tone ndani ya bahari. Tangu miaka ya Vita Kuu ya Kwanza hadi mwaka 1970, Wamarekani Weusi wapatao milioni 6 waliondoka mashamba ya Kusini. Vita vilipozuia wahamiaji wa Ulaya, viwanda vya Chicago, Pittsburgh na Detroit vilikosa watu, na mawakala wakatumwa Kusini kuwatafuta. Huko Kusini nako wadudu walikuwa wamekula pamba, mafuriko yamechukua mashamba, na mtu mweusi aliweza kunyongwa na kundi la wahuni bila ya yeyote kufikishwa mahakamani. Watu walifunga mizigo yao wakapanda treni.

Lawrence alitaka kuisimulia safari hiyo kwa picha. Mwaka 1940 alipata ufadhili wa dola 1,500 kutoka Mfuko wa Julius Rosenwald. Alikuwa na miaka 22, fedha ni za mwaka mmoja, na picha alizokusudia ni 60. Tupige hesabu kidogo: siku 365 ukizigawa kwa picha 60 unapata siku sita kwa kila moja, na ndani ya siku hizo sita kuna kusoma, kuandika, kuchora na kupaka. Kwa mchoraji anayekamilisha picha moja kabla ya kugusa nyingine, huo ni muda mfupi sana.

Yeye hakuichukulia kazi hiyo kuwa picha sitini. Aliichukulia kuwa picha moja yenye vipande sitini.

Alianza bila brashi. Kwa miezi kadhaa alikwenda kwenye maktaba ya Mtaa wa 135, penye mkusanyiko wa Arturo Schomburg wa vitabu na nyaraka za watu weusi, akasoma habari za uhamaji huo. Kisha akaandika maelezo mafupi ya kila picha kabla ya kuichora. Gwendolyn Knight, mchoraji mzaliwa wa Barbados ambaye alimwoa mwaka 1941, alimsaidia kuyanyoosha maelezo hayo na kuvipaka vibao rangi nyeupe ya msingi. Vibao vilikuwa vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, kila kimoja inchi 12 kwa 18. Ukivipanga vyote sitini vinafunika kama mita za mraba nane na kidogo, zulia la sebule ya kawaida.

Hapo ndipo palipo na ufundi wenyewe. Baada ya kuhamishia michoro yote kwenye vibao, alipaka rangi moja kwa wakati. Alianza na zilizo nzito, nyeusi na kahawia, akazipitisha kwenye kila kibao zilipohitajika, kisha akachukua rangi inayofuata, akaendelea hivyo hadi akafikia zile nyepesi. Kwa kipindi kirefu hapakuwa na hata picha moja iliyokamilika chumbani mle. Zote zilikuwa nusu, zote zikisogea pamoja.

Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupaka nyumba rangi. Lawrence alitumia rangi ya maji iliyoshikizwa kwa kaseini, yaani protini ya maziwa, ambayo hukauka upesi. Rangi ya namna hiyo ukiichanganya leo ikaisha, kesho hutaipata ileile. Kwa kutumia rangi chache, nyingi bila kuzichanganya, na kuipitisha kila moja kwenye kazi nzima, alihakikisha buluu ya kibao cha kwanza ni buluu ya kibao cha mwisho. Wengi wetu tuliofanya kazi viwandani tutasema huo ni mpango wa uzalishaji, na ni kweli uliokoa muda. Lakini faida yake kubwa ni kwamba mama aliyepanda treni Kusini na mama aliyeshuka Kaskazini wamevikwa rangi moja. Mtazamaji anajua bila kuambiwa kuwa ni watu walewale.

Haraka yake basi haikumfanya aruke hatua. Tazama kibao namba 15: tawi, kitanzi kitupu, na mtu aliyejikunyata chini yake. Aliyenyongwa haonekani. Namba 49 ni mkahawa wa Kaskazini, umegawanywa na kamba ya manjano, weupe upande huu na weusi upande ule. Walioukimbia ubaguzi walikuta mwingine umewatangulia. Namba 58 ni wasichana watatu wakiandika tarakimu ubaoni, kwa maana Kaskazini shule zilikuwa nafuu. Hapakosekani uchungu wala tumaini, na hakuna kilichotiwa chumvi.

Kazi ilikamilika mwaka 1941. Mwanafalsafa Alain Locke wa Chuo Kikuu cha Howard alimjulisha Edith Halpert, mwenye jumba la maonyesho la Downtown Gallery mjini New York. Novemba mwaka huo jarida la Fortune likachapisha picha 26 kwa rangi, na mwishoni mwa mwaka vibao vikaonyeshwa kwa Halpert. Tarehe 7 Desemba Japani ikashambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani. Lau angechelewa mwaka mmoja tu, hatujui kama kungekuwa na mtu wa kutazama.

Kisha likatokea jambo ambalo hadi leo linatusikitisha. Majumba mawili ya makumbusho yalizitaka picha zile, na mwaka 1942 yakagawana. Namba witiri zikaenda kwa Phillips mjini Washington, namba shufwa zikabaki New York kwenye Jumba la Sanaa za Kisasa. Kibao cha kwanza, stesheni iliyofurika watu wanaoondoka, kipo Washington. Cha mwisho, wahamaji wakiwa bado wanazidi kuja, kipo New York. Kitanzi cha namba 15 kipo mji mmoja, na mama wa namba 16 aliyeinamia meza kwa majonzi yupo mji mwingine. Vibao vyote sitini hukutanishwa mara chache, kama ilivyokuwa New York mwaka 2015. Hata vikitengana, zile rangi zilizopakwa kwa zamu ndizo zinazotukumbusha kuwa ni jamaa moja.

Tumtaje na wa kwetu. Edward Saidi Tingatinga naye alitoka kusini mwa nchi yake, Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora kwenye mbao za dari, jamii ileile ya vibao vya Lawrence, kwa rangi ya mafuta ya madukani. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora, na waliojifunza kwake ndio walioendeleza mtindo wenye jina lake. Hao wawili hawakujuana, ila wote waliingia mjini kama wageni na wakashika mbao za bei nafuu.

Na sisi je? Kuna wazee wetu waliokuja Marekani kwa ndege za wanafunzi za Tom Mboya kuanzia mwaka 1959. Kuna walioondoka Zanzibar baada ya mwaka 1964 wakaelekea Uingereza na Ghuba. Kuna ndugu zetu wa Barawa walioikimbia Somalia mwaka 1991, na Warundi waliokaa makambini Tanzania tangu mwaka 1972 kabla ya kuletwa huku. Kila tunapokutana msibani tunasema habari zao ziandikwe, na kila mara tunasubiri apatikane mtu wa kuandika maisha ya mzee mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapatikani, na mzee anaondoka.

Tujaribu mpango wa Lawrence. Mwezi mmoja, swali moja, wazee wote: siku ya kuondoka nyumbani ulibeba nini? Mwezi unaofuata: nani alikupokea? Mwezi wa tatu: mshahara wa kwanza ulimtumia nani? Baada ya mwaka hakuna maisha ya mzee yeyote yatakayokuwa yamekamilika, lakini kila mmoja atakuwa na kibao chake kilichoanza kupata rangi. Vijana wetu wana simu zinazorekodi sauti. Kinachohitajika ni orodha ya majina ya wazee wa kila mji, na hiyo tunaweza kuianza wikiendi hii.