Doa la Oili Sakafuni

Kwa miezi minne, kila asubuhi nilikuta doa la oili chini ya gari, pana kama kisahani cha chai, palepale injini inapoungana na giaboksi. Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972 niliyoachiwa na mjomba wangu. Miezi yote hiyo sikuwa na swali. Nilikuwa na jibu, na jibu langu lilikuwa mtu: fundi mzee aliyeifungua injini hiyo mwaka uliotangulia. Sili ya nyuma ya krankishafti, nilisema, aliiweka vibaya.

Mjomba alilipenda gari hili kwa sababu ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa na 240Z. Mwaka 1973 ikashinda tena, mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mehta alizaliwa Uganda, na mwaka mmoja tu kabla ya ushindi huo Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia nchini humo. Mjomba angeweza kusimulia habari hizo usiku kucha. Lakini ni hadithi zinazoanzia kwenye jukwaa la washindi. Mimi doa lilinilazimisha kuisoma historia ya gari hilo nikiwa nimelala chali.

Nilipoenda kulalamika, mzee aliniuliza swali moja tu: "Umegusa nini tangu nikupe gari?"

Nikajibu, "Hakuna, mzee." Nilisema hivyo mbele ya wateja wake, tena kwa sauti. Baadaye niliwaambia marafiki zangu watatu, na wote wakapeleka magari yao kwingine.

Fundi wa pili alinipa bei ya kushusha giaboksi ili sili ibadilishwe. Bei hiyo ilinikosesha usingizi, ndipo nikaamua kuhakikisha kwanza.

Oili ina tabia mbili. Hushuka, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo doa la chini nyuma linaweza kuwa limeanzia juu kabisa. Unapoliona tone si lazima pawe ndipo lilipotokea. Basi nikaosha injini yote kwa dawa ya kutoa grisi, nikaikausha, nikainyunyizia poda ya mtoto mpaka ikawa nyeupe kama andazi lenye sukari. Nikaiwasha, nikaiacha ingurume dakika ishirini, halafu nikaingia chini na tochi.

Sili ya nyuma ilikuwa kavu kabisa. Ila kwenye poda kulikuwa na mstari mmoja mweusi, ulioanzia pembe ya nyuma ya tapeti kava, ukashuka mgongoni mwa injini hadi kwenye giaboksi, ukadondokea hapo. Kumbe!

Nikabadilisha gasketi ya tapeti kava. Wiki mbili baadaye doa likarudi. Hapo nikafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma, na pumzi ya moto ikanipiga usoni. Injini nzima inapaswa kuvuta hewa kidogo pale. Hii ilikuwa inapuliza.

Hapa ndipo historia nyingine inapoingia, isiyo na jukwaa wala shangwe. Kila injini huvujisha gesi kidogo kupitia ringi za pistoni hadi tumboni mwake, na gesi hiyo lazima itoke. Zamani ilitolewa kwa bomba lililoning'inia chini ya gari, ikaachwa barabarani. Kisha Los Angeles ikafunikwa na ukungu wa moshi uliochoma macho ya watu. Mwanakemia Arie Haagen-Smit akaonyesha kwamba ukungu huo huzaliwa pale mvuke wa petroli na moshi wa magari unapopigwa na jua. California ikawa ya kwanza kudai kwamba gesi ya tumboni irudishwe ndani ya injini ikachomwe, kwa valvu ndogo ambayo unaweza kuificha kiganjani.

240Z ilizinduliwa Japani mwaka 1969, na soko lake kubwa likawa Marekani, ambako Yutaka Katayama wa Nissan alikuwa ameipigania. Hivyo valvu hiyo ilikuja nayo, na hata gari la mjomba, lililoishia Nairobi, linayo chini ya manifoldi. Niliitoa, nikaitikisa. Ikiwa nzima hulia kama njuga. Yangu ilikuwa kimya, imejaa masizi.

Bado kulikuwa na njia ya pili ya pumzi: bomba dogo kwenye tapeti kava, linaloenda kwenye sanduku la filta ya hewa. Nikalitafuta, nikaona kipande cha mpira kilichozibwa kwa bolti.

Bolti hiyo niliiweka mimi. Miezi mitano nyuma nilikuwa nimeona picha ya gari kama langu lenye filta mbili ndogo zinazong'aa. Nikatupa lile sanduku la zamani, nikafunga filta mpya, na lile bomba lililobaki bila pa kwenda nikaliziba ili injini ipendeze. Nilipomwambia mzee sijagusa kitu, sikuwa nadanganya. Niliamini. Kwangu mimi hiyo haikuwa kugusa injini, ilikuwa kuipamba.

Nimesoma vitabu vingi vya historia, na nimewacheka sana mashahidi wanaoapa wakiwa wamekosea. Sikujua inavyokuwa ukiwa ndani yake: hakuna dalili yoyote.

Valvu mpya na bomba kurudishwa mahali pake vilinigharimu chini ya sehemu ya kumi ya ile bei. Sakafu sasa ni kavu.

Nilienda kwa mzee nikiwa na ile bolti mfukoni. Nikaiweka juu ya benchi lake, nikamweleza yote. Aliichukua, akaigeuza, akaitupa kwenye kopo la bolti nyingine.

"Sawa, kijana wangu," akasema. "Na wale marafiki zako umeshawaambia?"

Nilikuwa sijawaambia. Niliwapigia simu palepale, mmoja baada ya mwingine, yeye akiendelea na kazi yake. Wawili walisema watarudi. Wa tatu aliniuliza, "Sasa ulisema vile kwa nini?"